Mama Hazina Anastaafu, Bati Bado Ishirini na Moja

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mwenzetu wa idara ya udobi atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Kwenye faili ana jina lake kamili na namba ya ajira. Sisi tunamwita Mama Hazina, na hata mganga mkuu humwita hivyo akijisahau.

Mimi ni karani wa stoo. Stoo na chumba cha udobi vinatenganishwa na ukuta mmoja wenye tundu la bomba, kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita nimesikia kila alichosema, na yeye amesikia kila nilichotafuna. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, ofisi ya utawala iliniomba niupe kichwa cha kutia moyo, kwamba mtu wa mshahara mdogo akijibana na kuweka akiba hutajirika. Walisema wafanyakazi vijana wanahitaji mfano. Jamani, nimejaribu. Nimekaa na karatasi siku nne na mkono umegoma. Basi nitaandika nilichokiona, na mhariri akitaka kukata, akate.

Aliingia hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, kibarua wa kutwa, wakati mashuka yakifuliwa kwa mikono kwenye masinki ya saruji nyuma ya jengo. Walikuwa wanawake sita. Maji yalichemshwa kwenye mapipa, na dawa ya kuulia vijidudu iliwala kucha. Alikaa kibarua miaka minane. Kila mwaka aliambiwa barua yake ya ajira iko njiani, sijui ilikuwa inakuja kwa miguu. Mwaka wa sita mumewe, mpishi wa shule, alifariki kwa homa ya siku tano tu, akamwachia binti wa miaka minne na kitanda cha chuma. Siku ya nane Mama Hazina alikuwa kwenye sinki. Kibarua asipofika halipwi.

Mwaka wa tisa ikaletwa mashine kubwa ya kufulia. Fundi aliyekuja kuifunga alifundisha kwa nusu saa, akaondoka na kitabu cha maelekezo. Mama Hazina akajifunza kwa masikio: ikinguruma hivi, nguo zimezidi, ikilia vile, mkanda umelegea. Haukupita mwaka hakuna aliyethubutu kuigusa bila ruhusa yake. Alikuwa akiliangalia shuka anakwambia limetoka wodi gani, na mara mbili alipanda ngazi kumwambia muuguzi kwamba mgonjwa wa kitanda fulani anavuja damu kuliko inavyoandikwa. Mara zote mbili alikuwa sahihi, na wagonjwa wote wawili walitoka wakitembea.

Kutoka mifuko ya makoti ya madaktari ametoa pete ya ndoa, vipimajoto visivyo na idadi, meno ya bandia ambayo mpaka leo hayana mwenyewe, na barua moja ya mapenzi ambayo haikuandikwa na mke wa mhusika. Barua ile ililowa. Aliikausha, akaipiga pasi, akaipeleka mwenyewe ofisini ikiwa imekunjwa vizuri. Daktari yule hakumwangalia usoni tena hadi alipohamishwa.

Bomba kuu lilipopasuka na hospitali ikakaa siku nne bila maji, wakubwa walikaa vikao. Yeye alitenga mashuka ya chumba cha upasuaji peke yake, akaomba kisima cha shule ya jirani, akafua huko na wenzake wawili, jua likiwachoma mgongoni. Hakuna upasuaji hata mmoja ulioahirishwa. Jarida hili hili liliandika mistari miwili, na likakosea jina lake.

Sasa tuje kwenye hiyo hazina yenyewe, maana ndiyo mliyoisubiri.

Mama Hazina alitaka kitu kimoja tu duniani: siku mshahara utakapokoma, awe analala chini ya paa lake mwenyewe. Hakutaka gari wala duka. Alikuwa amemwona mama yake mzazi akizeekea kwenye kona ya sebule ya watu, akikunja godoro alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka, akijichekesha ili asionekane mzigo. Alinisimulia hayo mara moja tu, kupitia lile tundu la bomba, na alipomaliza akawasha mashine ili nisiulize. Binti yake sasa ni fundi cherehani, anapanga vyumba viwili na mume na watoto wanne. Ni binti mwema, angempokea mama yake kwa mikono miwili. Mama Hazina alisema huyo wema ndio unaomtisha, kwani mtoto mwema atakulaza kitandani kwake na yeye alale chini.

Kwa hiyo alijibana. Wenzangu vijana, nyinyi mnajua kujibana kwa mwezi mmoja. Huyu alijibana miaka thelathini na mitatu. Alipanga chumba mbali kwa sababu kodi yake ilikuwa nusu ya za karibu, kisha akatembea kwa miguu dakika hamsini kuja na dakika hamsini kurudi. Nauli ya kwenda na ya kurudi ikaingia kila siku kwenye kopo la maziwa ya unga, kana kwamba kopo lile ndilo kondakta. Mchana alikula kiporo. Chai alikunywa bila sukari, akisema sukari inaharibu ladha, na mimi nikamwambia ladha ya nini, maji ya moto? Alikuwa na jozi moja ya viatu iliyobadilishwa soli mara nyingi hivi kwamba fundi viatu wa pale getini aliapa hakuna kipande cha awali kilichobaki ila kamba.

Tulimtania, tena bila huruma. Mkono wa birika, tulimwita. Siku ya mshahara mimi nilikuwa napitisha soda baridi mbele ya mlango wake makusudi, naifungua hapo hapo ili aisikie. Yeye alikuwa anacheka, anauliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kama hiyo soda ina hati ya kiwanja. Kisha angewaita vijana wa usafi na kuwapa somo: gawa mshahara siku hiyo hiyo, usilale nao, pesa ikilala na wewe kitanda kimoja asubuhi huikuti. Ndiye aliyeanzisha upatu wa idara yake, wanawake kumi na wawili, kila mwezi mmoja anabeba. Ameuendesha miaka ishirini na mbili, na hakuna mwezi hata mmoja ambao mtu alikosa zamu yake. Hilo peke yake lingetosha kumpa nishani, lakini nishani hapa hupewa wanaosimamia semina.

Mwaka wa kumi na mbili kopo na upatu vikanunua kiwanja. Kidogo, chenye mteremko, lakini chake. Alikuja na hati kwenye bahasha ya plastiki akatuonyesha, mikono yake ikinuka sabuni, na mimi soda nikaiweka chini. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Mwaka wa kumi na tano msingi, wa ishirini kuta, wa ishirini na tatu bati, na baada ya hapo miaka kumi ya kupumua, akiongeza vyumba viwili vya kupangisha. Alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda ya zamani. Niliipekua nikitafuta kosa, kwa husuda tu, sikuliona.

Kosa lilikuwa pale ambapo mtu mwangalifu tu ndiye anayeweza kukosea. Mwaka wa kumi na tano zilivuma habari kwamba saruji itapanda bei. Mtu kama mimi angesikia, akasema hewala, akanunua kitu kingine. Mama Hazina alipokea zamu yake ya upatu siku hiyo hiyo, akaongeza kopo lote, akanunua mifuko kumi na minne ya saruji kabla bei haijapanda. Akaipanga chumbani kwake juu ya vibao, akaweka kitanda juu yake. Na kweli bei ilipanda wiki ya pili, akaja kazini anatamba, hakuna aliyeweza kusema naye. Kilichobaki kilikuwa mchanga, kokoto na ujira wa fundi, na hivyo akaanza kuviwekea akiba upya, mia moja moja.

Ilimchukua miezi tisa. Katikati yake mvua zikanyesha, na ukuta wa chumba kile ulikuwa unatoka jasho. Siku fundi alipokuja na koleo nami nikaja kusaidia kubeba, tulifungua mfuko wa kwanza tukakuta jiwe. Wa pili, jiwe. Fundi akasema tufungue wa katikati, huenda umepona. Tulifungua yote kumi na minne. Mama Hazina alisimama mlangoni, kila mfuko ukifunguliwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa majina ya watu anaowafahamu. Hakulia. Alimlipa fundi ujira wa siku ile kwa kuwa alikuwa amepoteza siku yake. Jumatatu alikuja kazini kwa wakati wake, na saa nne akanigongea ukutani kuomba sukari. Vijiko viwili. Nilimpa kopo zima, nikaenda kusimama nyuma ya makabati ya stoo kwa muda.

Kungekuwa na haki duniani, hadithi ingegeukia hapo. Hakukuwa na mgeuko wowote. Alianza tena. Kuanzia mwaka wa kumi na saba hadi wa ishirini na sita alinunua saruji mfuko mmoja mmoja, akautumia siku hiyo hiyo. Matofali thelathini, yanajengwa. Matofali hamsini, yanajengwa. Fundi alizoea hata akawa anakuja Jumapili bila kuitwa. Kuta zikafika juu, vyumba vitatu, na zikasimama hapo zikisubiri bati.

Picha mliyoiona juu ya ukurasa huu ilipigwa mbele ya nyumba hiyo. Imekatwa. Mpiga picha wa utawala aliagizwa amweke mwenye nyumba mbele ya mlango na picha iishie pale kuta zinapoishia, ili ipendeze. Ingepanda juu kidogo mngeona mawingu.

Mwaka wa ishirini na nane magoti yalikataa. Nimeshasema alitembea dakika mia moja kwa siku, na akifika hapa anasimama saa nane juu ya sakafu yenye maji. Goti la kulia lilivimba likawa saizi ya kichwa cha mtoto mchanga. Daktari wetu alimkataza kutembea, naye akauliza kwa upole kama anaruhusiwa kutembea polepole. Kumwona daktari ni bure kwetu wafanyakazi, tushukuru, ila sindano zilinunuliwa nje, na dawa, na hatimaye vifaa vya upasuaji. Pesa za bati zilikuwepo, zimetimia, bati thelathini na mbili pamoja na mbao na misumari. Zote ziliingia gotini. Kuanzia hapo akaanza kupanda basi, na nauli aliyoiokoa kwa miaka ishirini na minane ikawa inatoka kila asubuhi na kila jioni, mbele ya macho yake. Nilimwona siku ya kwanza akishuka kituoni. Alishuka kama mwizi, akitazama huku na huku asije mtu akamwona.

Miaka mitano iliyobaki amekaa kwenye meza ya kushona, akitia viraka mashuka. Anayejua anaweza kuvitambua viraka vyake: havikwaruzi mgongo.

Sasa lile swali la utawala. Je, mtu wa mshahara mdogo akijibana na kuweka akiba anaweza kutajirika? Mimi ni karani wa stoo, vitabu vya bei ninavyo. Mwaka alioajiriwa rasmi, mshahara wake wa mwezi ulikuwa unanunua mifuko tisa ya saruji. Amepandishwa daraja mara tano. Mshahara wa mwezi huu, wa mwisho, unanunua mifuko saba. Yeye alikuwa anapanda na bei zilikuwa zinapanda, na bei hazina magoti. Hakuna kopo la maziwa linaloweza kushindana na hapo, hata ungeacha kula kabisa.

Sisemi akiba yake ilikuwa bure. Hajawahi kukopa kwa mtu. Binti alimaliza shule na kufundishwa ushonaji bila kufukuzwa hata siku moja kwa ajili ya ada. Goti lilitibiwa; mwenye mkono wazi kama mimi angekuwa amekaa nalo nyumbani. Lakini kila alichoweka kilikwenda kuzima moto, na moto ulikuwa haumaliziki. Nami niliyekunywa soda zote zile, nina nini? Sina kiwanja, sina ukuta. Tumefika mahali pamoja, wote bila paa letu wenyewe, mimi nikiwa nimeshiba na yeye akiwa na njaa. Likinijia wazo hilo nakasirika, na sijui nimkasirikie nani. Ninachojua ni kwamba sitaliandikia wimbo wa kusifu, na kijana wa usafi atakayekuja kuniuliza nitamwambia aweke akiba, ndiyo, halafu adai nyongeza ya mshahara kwa sauti kubwa kuliko tulivyodai sisi.

Kwa desturi yetu hapa, mstaafu hununuliwa kiti cha kupumzikia. Wiki tatu zilizopita Mama Hazina alikuja stoo kwa mkongojo wake, akafunga mlango, akaniuliza kwa aibu ambayo sijawahi kuiona kwake: hicho kiti ataketi nacho wapi? Akaomba tukibadilishe kiwe bati. Alisema hata moja, atashukuru. Katika miaka ishirini na sita hicho ndicho kitu kikubwa alichowahi kuniomba, na aliniomba akitazama sakafu.

Tumezungusha karatasi ya michango kila wodi. Wapo waliotoa nauli yao ya siku na kurudi nyumbani kwa miguu, najua, nimewaona. Wale wanawake wa upatu walitoa zamu nzima ya mwezi. Madaktari wawili wametoa bati mbili mbili. Utawala umetoa saa ya ukutani, kuta anazo. Tulipofunga hesabu tulikuwa na bati kumi na moja, pamoja na mbao za kuzibebea. Fundi amesema zinatosha chumba kimoja, na amekubali kuzipiga bure Jumamosi, siku moja baada ya sherehe. Ametuonya pia. Kuta zile zimelowa misimu saba bila kifuniko, tofali za juu zimeanza kulika, na ule ukuta wa nyuma hausubiri masika makubwa.

Mafao yake yatakuja faili likikamilika. Miaka minane ya ukibarua haimo kwenye hesabu, na mlinzi aliyestaafu kabla yake alisubiri miezi kumi na tisa. Chumba alichopanga kimeshapata mpangaji mwingine, anayeingia tarehe moja. Binti alikuja juzi na gari la kukodi kumchukua mama yake aende kwake. Akina mama wa udobi wananiambia walibishana uani kwa saa nzima, binti analia, mama anamfuta machozi kwa kanga yake na kukataa. Gari liliondoka tupu. Jumapili anahamia kwake mwenyewe, kwenye chumba kimoja chenye bati, na vyumba viwili vilivyo wazi juu.

Mama Hazina, sisi wa stoo, wa udobi na wa wodi zote tunakushukuru kwa kila shuka safi tulilowalazia wagonjwa wetu, na kwa kutuvumilia tulipokuwa tunakucheka. Mimi naomba radhi kwa zile soda. Tunakutakia nafuu ya magoti, usingizi mzito, na faili linalokwenda mbio. Na mwaka huu, wakulima watusamehe, tunaomba mvua zichelewe.